Safari ya theluji na kigari cha siti tisa: dogo unayeenda Munich soma kabla hujanunua kitu

#1 Bint_Ujiji

Mwakeye wakuu. Na watani zangu wa Tabora mwangaluka, msije mkasema nimewaruka.

Juzi humu kuna dogo kauliza swali likafunikwa na matani. Kapata skolashipu ya kwenda Munich, Ujerumani, anaondoka mwezi wa tisa, na waliomtangulia washamwambia baridi ikikolea huwa wanachanga hela wanakodi gari wanaenda milimani kuteleza kwenye theluji. Kauliza avae nini, kajibiwa avae mablanketi mawili na Mungu amtangulie. Sasa mimi nimekaa Munich miaka miwili na hiyo safari nimeenda na nimerudi, saa hizi niko Mwanga hapa Kigoma feni inazungusha joto lilelile, acha nimjibu. Nikikatika katikati jueni ni umeme.

Dogo, nikutoe hofu mapema. Mlima hautakusumbua. Mimi nilikesha naogopa mlima, kumbe vilivyotutesa ni barabara na jasho. Ndio, jasho, kwenye nyuzi hasi 11, nitafika huko.

Tulikuwa wanane. Mimi, kaka mmoja wa Kasulu ndiye dereva, dada wa Urambo, vijana wawili wa Dar wanaojua kila kitu, Mkenya mmoja mpole, na wenyeji wawili Wajerumani mtu na mchumba wake ndio wazoefu wa milima. Tukakodi kigari cha siti tisa, kiko kati ya Noah na Hiace, maana leseni ya kawaida kule mwisho wake ni watu tisa dereva akiwemo, mkizidi hapo inatakiwa leseni nyingine. Na hapa dogo sikia vizuri, leseni yetu ya Tanzania kule inatembea miezi sita tu tangu uhamie, baada ya hapo unafanya mtihani upya, wa kuandika na wa barabarani. Kaka wa Kasulu alikuwa ameshaufanya, kaufeli mara ya kwanza kwa kosa la kutogeuza shingo kuangalia baiskeli, mtu aliyeendesha fuso miaka sita.

Tulitoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Wenyeji ndio walilazimisha, walisema Jumamosi ndiyo siku wapangaji wa nyumba za likizo wanapokezana, wa wiki iliyoisha wanatoka wa wiki mpya wanaingia, ukichelewa unakaa foleni mpaka ujute. Safari yenyewe sio ndefu, kama kilomita 120 hivi, Munich mpaka Garmisch, halafu Mittenwald, unavuka mpaka Scharnitz unaingia Austria, unapanda kidogo uko Seefeld, ndiko tulikokuwa tunaenda.

Tumeenda nusu saa nyingi, kioo cha mbele kikaanza kuwa cheupe. Magari ya serikali yanamwaga chumvi barabarani usiku kucha ili barafu isishike, sasa hiyo chumvi na maji machafu vinarushwa na gari la mbele vinakuja kukauka kwenye kioo chako. Kaka akabonyeza maji ya kioo. Kimya. Akabonyeza tena, kimya. Waliotukodisha gari (siwataji) walikuwa wamejaza maji ya bomba matupu na yameganda huko ndani kama jiwe! Waipa zinasugua chumvi kavu, taa za wanaokuja zinasambaa kioo kizima, tuko kwenye barabara ya magari ya kukimbia hatuoni kitu. Dar wamenyamaza, Urambo anasoma Baba Yetu. Kaka akatoa kichwa dirishani akaendesha hivyohivyo taratibu mpaka sheli ya kwanza, alivyoshuka nyusi zake zina barafu. Akanunua dumu la maji ya kioo ya baridi, akamwaga ya moto ya kuomba pale dukani kwenye mrija kwanza, ikachukua robo saa.

Kwa hiyo kabla hujaondoa gari la watu pale, bonyeza maji ya kioo uone yanatoka. Angalia na tairi. Austria kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 15 Aprili kukiwa na theluji au barafu barabarani lazima tairi za baridi, kashata zake zisipungue milimita 4, na kwa sheria ya Ujerumani ubavuni ziwe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji katikati. Ukipata ajali na tairi za kawaida bima inakugeuka.

Naendelea kesho, dagaa wananiungulia.

#2 Mtani_wa_Ipuli

Mwangaluka mtani. Yaani watu wa mwisho wa reli mkipanda ndege mnarudi mnatuandikia vitabu 😂 endelea tu nimekaa na chai yangu.

#3 Migebuka_Miwili

Huo usumbufu wote wa nini? Mimi mtu anilipe ndio niende kwenye hasi 11. Hata Lushoto tu nilivaa soksi kulala.

#4 Dogo_wa_Septemba

Dada asante sana ndio mimi niliyeuliza. Nasubiri sehemu ya nguo maana mama ameanza kunishonea makoti.

#5 Bint_Ujiji

Nimerudi. Dogo mwambie mama atulie.

Mkifika mtataka kuteleza siku hiyohiyo, ndivyo tulivyofanya. Duka la kukodisha wanakuuliza uzito, urefu, umri na kama umewahi. Mimi uzito nikapunguza kilo sita mbele ya vijana wa Dar. Kosa kubwa! Zile namba sio udaku, wanakaza kwa kipimo hicho ile klipu inayoshika kiatu na skii (zile mbao ndefu za kutelezea), ili ukianguka klipu iachie kabla mguu haujavunjika. Ukidanganya uko mwepesi inakuachia hovyo, ukijifanya mzito haikuachii, unabaki na goti limegeukia Burundi. Mchumba wa mwenyeji akaninong'oneza nikarudi kusema ukweli.

Kiatu chenyewe ni kama umetia mguu kwenye ndoo ya saruji ikakaukia humo. Kisigino hakiinuki, kifundo hakigeuki, ngazi unashuka kinyumenyume. Nilifika uwanjani nimechoka na sijateleza hata hatua moja.

Tukachukua mwalimu wa nusu siku, na hapa nasema lipieni mwalimu, msifundishane. Vijana wa Dar walikataa kwamba wameangalia video, mmoja alienda moja kwa moja kwenye wavu wa chungwa akanasa kama mgebuka. Mwalimu anafundisha maneno mawili tu, pizza na chipsi. Pizza unakutanisha ncha za mbele na kutanua visigino, unapunguza mwendo. Chipsi unanyoosha sambamba, unakwenda. Watoto wa miaka minne wanapita pembeni yako wanaimba, wewe na umri wako unapigiwa kelele pizza pizza pizza unaelekea kwenye kundi la wazee.

Halafu kuna lifti ya kukuvuta, ni fimbo yenye umbo la T iliyopinduliwa, inakuja kwa nyuma unaiweka chini ya makalio, inakusukuma juu. Haikaliwi. Narudia, HAIKALIWI, kamba inarefuka unakaa chini kwenye theluji na anayefuata anakuja juu yako. Mimi nikakaa. Mashine ikasimamishwa, foleni nzima inaniangalia, mzee wa mashine katoka kibandani kwake kaniinua kwa kwapa kama mtoto.

Jioni miguu inatetemeka na nilikuwa nimejifunza kushuka kilima cha kama kutoka Mwanga sokoni mpaka stesheni, tena kwa pizza mwanzo mwisho. Tiketi ya lifti ukijumlisha na mwalimu na kukodi vifaa, ile hela ukiibadilisha shilingi utalia. Sisemi usijaribu, jaribu nusu siku ucheke na wenzio. Lakini kama hela yako ni ya mawazo, nenda moja kwa moja kwenye viatu vya theluji, hivyo ndivyo ninavyotaka kukuambia hasa.

#6 Asali_Mbichi

Mkuu swali la kijinga. Si tuna Kilimanjaro? Kwa nini watu wasiteleze hapohapo nyumbani.

#7 Mwisho_wa_Reli

Haya, mwenye majibu aje. Na mimi hapa nasema hii ni chai. Kibo sijui lakini mtu anasema kapita mlimani Garmisch, mimi nimeiangalia kwenye ramani iko mita 700 na kitu. Ziwa letu ni zaidi ya hapo. Theluji itoke wapi?

#8 Bint_Ujiji

Mwisho_wa_Reli umejiharibia mwenyewe, ni kweli kabisa! Garmisch iko kama mita 708 kutoka usawa wa bahari, maji ya Tanganyika yako kama 773, na Munich yenyewe ni kama 520. Yaani ukiwa Munich uko chini kuliko mtu anayeogelea Kibirizi. Na Seefeld tulikolala ni kama mita 1,200, sawa na watani zangu wa Tabora. Wao hapo wanaokota maembe, wale wanazoa theluji mlangoni kwa koleo. Kinachofanya hivyo ni umbali kutoka ikweta, sisi tuko digrii tano hivi kusini, wale 47 kaskazini, Januari jua linapita chinichini kama mtu anayedaiwa, saa kumi na moja jioni haijafika lishazama. Hiyo nayo ya kuandika dogo, ukipanga kutembea hesabu urudi kabla ya saa tisa na nusu, sio kama hapa Kigoma jua linakaa mpaka linatuchosha.

Kuhusu Kilimanjaro, barafu ya Kibo iko huko juu karibu na kilele cha mita 5,895, hewa ni kama nusu ya ya pwani, hakuna lifti wala kiwanja, na ni hifadhi. Halafu ile barafu inaisha ndugu zangu, zaidi ya asilimia 80 ya iliyokuwepo mwaka 1912 imeshaondoka. Mwenye hamu ya skii hapahapa Afrika aende Lesotho, kuna sehemu inaitwa Afriski kwenye mita 3,222, msimu wao Juni mpaka Agosti, au Oukaïmeden juu ya Marrakech.

#9 Mtani_wa_Ipuli

Kumbe Tabora ni Seefeld isiyo na bahati. Naenda kumwambia mwenye nyumba wangu apandishe kodi 😂😂

#10 Bint_Ujiji

Siku ya pili sasa.

Viatu vya theluji ni kama umejifunga nyungo mbili ndogo chini ya buti, siku hizi za plastiki ngumu na vyuma vyenye meno chini. Kazi yake ni ileile ya ubao unaotupia chini ya gurudumu gari likizama kwenye tope, uzito unasambaa hauzami. Bila hivyo unatumbukia mpaka mapajani. Unatembea umetanua miguu kidogo kama umetoka kupanda punda, una fimbo mbili mkononi, basi. Hakuna mwalimu, hakuna foleni, hakuna mzee wa mashine. Ukijua kutembea unajua.

Na sisi tunajua kutembea. Dada wa Urambo ambaye jana yake alilia kwenye pizza, leo ndiye yuko mbele, mtu aliyekua anaenda shule kilomita saba kwa mguu utamwambia nini. Wenyeji walibaki wanamuuliza anafanya mazoezi gani.

Kitu ambacho sijakisahau ni sauti. Theluji ya baridi kali ukiikanyaga inalia, ule mlio wa kiroba cha unga wa muhogo ukikiminya kwa mikono miwili, krrp, krrp, na ukisimama hakuna kitu kabisa. Hakuna jogoo, hakuna bodaboda, hakuna hata upepo. Mkenya alisema masikio yanamuuma kwa ukimya. Miti imebeba theluji, tawi likichoka linamwaga chini taratibu vumbi jeupe linang'aa kwenye jua, tukasimama wote wanane kuangalia tawi. Tawi tu!

Sasa jasho. Mimi niliondoka nimevaa kila nilichonacho: fulana ya pamba, nyingine ya pamba, sweta, koti kubwa, jinzi na taitsi ndani. Dakika ishirini kupanda nimelowa mgongo mzima. Tukasimama kunywa chai ya chupa, na ile pamba iliyolowa ikageuka barafu mgongoni, nikaanza kutetemeka meno yanagongana mpaka maneno hayatoki. Mwenyeji hakuuliza, kanivua fulana nyuma ya mti mchumba wake kashika koti, kanivisha ya sufu ya akiba. Pamba inanyonya jasho inakaa nalo, sufu au zile za plastiki za mazoezi zinalipitisha. Kwa hiyo dogo: ya kwanza mwilini nyembamba ya sufu, ya kati ya kuhifadhi joto, ya juu ya kuzuia upepo na maji, na unaondoka nyumbani unasikia baridi kidogo, ukianza kupanda unapata joto lako. Jinzi acha Ujiji. Mama asishone kitu, aweke hiyo hela.

Miwani ya jua na mafuta ya jua pia, na usiniambie ngozi nyeusi haiungui. Theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 ya ile mionzi, inakupiga kutoka chini. Mimi niliungua ndani ya pua na chini ya kidevu, sehemu ambazo jua la Kigoma halijawahi kunigusa.

Makosa mawili mengine. Tulikuta njia nzuri imechimbwa mifereji miwili imenyooka, tukajua imetengenezwa kwa ajili yetu, tukapita humo. Mzee mmoja kaja na skii nyembamba anafoka Kijerumani chote! Ile ni njia ya skii za mwendo wa tambarare, na Seefeld ndio mji wake, walifanya hapo mashindano ya dunia mwaka 2019. Ukiikanyaga kwa nyungo zako umeiharibu. Pita pembeni.

La pili kubwa. Tulipofika njia panda, vijana wa Dar wakaona njia ya mkato, mteremko mweupe mzuri hauna mti. Mwenyeji akakataa. Asubuhi alikuwa ameangalia taarifa ya maporomoko ya theluji, kipimo chao kina ngazi tano na siku ile ilikuwa ya tatu. Mtu akisikia tatu kwa tano anaona ni wastani, kumbe watu wengi wanakufa kwenye hiyo tatu maana ndiyo inayodanganya. Alitueleza miteremko ya digrii 30 kwenda juu ndiyo ya kuogopa, na ukifunikwa una kama dakika kumi mpaka kumi na tano za matumaini, baada ya hapo inashuka vibaya. Kila mtu anatakiwa awe na kifaa cha kupiga mawimbi ili ukifunikwa wenzio wakupate, fimbo ya kuchomea theluji kukutafuta na koleo la kukufukua. Sisi tulikuwa na chupa ya chai. Tukazunguka, saa nzima zaidi, Dar wananuna.

Namba ya dharura ni 112 nchi zote za Ulaya kule, na Austria wana ya mlimani peke yake 140. Simu kaa nayo mfuko wa ndani, baridi inamaliza chaji ukiangalia. Bima ya mwanafunzi usiidhanie inalipa helikopta, uliza kabla, bili yake ni maelfu ya yuro. Ukijiunga na chama chao cha wapanda milima, bima ya uokoaji imo kwenye ada. Na pasi na kibali cha kuishi beba, hata kama mpaka hauna geti, kurudi polisi wa Ujerumani wanaweza kuwasimamisha.

#11 Migebuka_Miwili

Tawi. Watu wanane wameangalia tawi. Haya. Chakula je?

#12 Bint_Ujiji

Nilijua utauliza wewe.

Nilibeba dagaa na chupa ya mawese kutoka nyumbani, nilikuwa nayabania toka mwezi wa kumi. Chupa nikaisahau garini usiku. Asubuhi mawese yamekuwa mshumaa, jiwe la rangi ya chungwa. Mkenya akataka kuitia kwenye maikrowevu na chupa yake ya plastiki, tukamkamata mkono. Tukailaza kwenye lile bomba la joto la ukutani tukaenda matembezi yetu, tukarudi jioni yamelegea yanamiminika kama yametoka Simbo. Nikakaanga dagaa, kengele ya moshi ikalia nyumba nzima, jirani kaja mbio amevaa taulo. Tukamkaribisha. Alikula ugali kwa uma, lakini alimaliza.

#13 Dogo_wa_Septemba

Dada mungu akubariki, nimechapisha uzi wote nampelekea mama. Swali la mwisho, kuendesha kwenye theluji kukoje? Nina leseni.

#14 Fuso_la_Kasulu

Hilo nitajibu mimi, ndiye niliyetoa kichwa dirishani.

Dogo mwaka wa kwanza usiendeshe, kaa kiti cha nyuma uangalie. Theluji yenyewe haina shida, ni tope jeupe. Mtu aliyepita Kasulu Kibondo masika enzi haijawa na lami anaijua: ondoka na gia ya pili, usikanyage breki ghafla, kwenye kupanda usisimame, acha nafasi mbele mara tatu ya kawaida. Hata cheni za tairi tulikuwa tunafunga kule kwetu, kuzifunga Seefeld nilitumia dakika nane wale Wajerumani bado wanasoma karatasi ya maelekezo.

Kitu ambacho tope halikufundishi ni ile barafu isiyoonekana. Barabara unaiona nyeusi imelowa tu. Bint Ujiji kaikwepa hii, tukiwa tunarudi Jumapili karibu na Mittenwald, darajani penye kivuli, gari liliacha kunisikiliza. Daraja linaganda kabla ya barabara kwa sababu baridi inapita mpaka chini yake. Nikaachia mafuta, sikugusa breki, usukani nimeuelekeza ninakotaka kwenda nikasubiri. Sekunde tatu labda. Likashika. Nyuma kimya, halafu nikasikia mtu anaahidi akifika salama atafunga wiki nzima na hatasema uongo tena, hasa kuhusu uzito wake.

Na kwenye ile fimbo ya T alikaa mara tatu. Ndio maana mzee wa mashine alikuwa anamjua kwa jina.

#15 Bint_Ujiji

Mara mbili.

#16 Fuso_la_Kasulu

Tatu. Ile ya mwisho ulikuwa umeanguka kabla haijafika, ikakuta umeshakaa.

#17 Mtani_wa_Ipuli

Na ile wiki ulifunga?

#18 Bint_Ujiji

Siku mbili. Kulikuwa na mawese yamebaki.